Baruti na Fingo

Mwezi wa Agosti 1914, wakati Ulaya ikiingia kwenye vita kuu, serikali ya Kiingereza ilipeleka baruti kwenye msitu mmoja ulioko bara ya Kaloleni, katika eneo ambalo leo ni Kaunti ya Kilifi. Hapakuwa na ngome ya mawe pale, wala ghala la silaha. Palikuwa na miti mikubwa, vijumba vichache vya nyasi na uwanja katikati. Miti ikalipuliwa, vijumba vikatiwa moto, njia za kuingilia zikazibwa. Msitu huo ni Kaya Fungo, ambao wengi huuita pia Kaya Giriama, na Wagiriama huutazama kama kitovu chao.

Serikali yenye bunduki, reli na bandari haimalizi baruti yake kwa miti bila sababu. Maafisa wake walikuwa wamesikia kwamba ndani ya msitu ule kuna kitu kinachowapa watu ujasiri wa kukataa kodi, kukataa kazi za mashamba ya walowezi na kukataa kupeleka vijana wao jeshini. Walitaka kukiua.

Kitu chenyewe kinaitwa fingo. Ni kinga iliyofukiwa ardhini siku kaya ilipoanzishwa, na masimulizi ya Wamijikenda yanasema mababu waliibeba kutoka Shungwaya, nchi yao ya zamani upande wa kaskazini. Mahali lilipo fingo hapajulikani ila na wazee wachache, na siri hiyo hupokezanwa kwa tahadhari kubwa. Halina sanamu wala sura. Katika nchi nyingi mlinzi wa msitu hupewa umbo: jitu, mnyama mwenye pembe, bibi kizee mwenye nywele za majani. Wamijikenda hawakufanya hivyo. Walichimbia kinga yao chini ya udongo, wakaizungushia miti, wakaizungushia miiko, na koma, yaani roho za waliotangulia, wakawa ndio majirani zake. Ukikata mti kule ndani, hutokewi na zimwi. Utaugua, mvua itakatika, au utaitwa barazani ulipe mbuzi. Lililo hakika kuliko yote ni hilo la mbuzi, na pengine hapo ndipo ilipo nguvu halisi ya mlinzi huyu.

Wamijikenda ni makabila tisa: Wagiriama, Waduruma, Wadigo, Wachonyi, Wakauma, Wakambe, Wajibana, Waribe na Warabai. Simulizi yao kuu ni kwamba walikimbia Shungwaya kwa kusukumwa na Waoromo, ambao wazee wa zamani waliwaita Wagala, wakateremka kusini na kujificha kwenye misitu ya vilima nyuma ya Mombasa na Kilifi. Kwa kawaida safari hiyo huwekwa katika karne ya 16 au ya 17. Wanaakiolojia waliochimba kwenye kaya, Henry Mutoro kwanza na Richard Helm baadaye, walikuta dalili za makazi ya zamani zaidi ya hapo, kwa karne nyingi. Hilo halifuti simulizi. Linaonyesha kwamba waliokuja, kama walikuja kwa wingi au kwa vikundi, walikuta vilima vyenye watu, wakachanganyika nao, na hadithi ya Shungwaya ikawa ndiyo gundi ya wote.

Kaya ilikuwa mji. Ni muhimu kulisema hili kwa sababu leo mgeni huona miti tu. Katikati palisafishwa, nyumba zikajengwa, kila ukoo na sehemu yake, na palikuwapo mahali pa baraza ambapo wazee walikaa kuamua kesi. Kuzunguka mji, msitu uliachwa usongamane makusudi ili adui asipate pa kupenya. Njia zilikuwa chache na nyembamba, zikipita kwenye milango ya magogo, na aliyeingia alionekana kabla hajaona. Makaburi ya waasisi yalikuwa humo humo. Kwa hiyo sheria ya kutokata miti haikuanza kama ibada ya uzuri wa asili. Aliyekata mti alikuwa anatoboa ukuta wa mji wake, na aliyetoboa ukuta aliwahatarisha wote. Baadaye, hatari ya adui ilipopungua, sheria ilibaki, na sababu yake ikahamia kwa waliozikwa pale.

Miongoni mwa Wazungu wa kwanza kuandika juu ya miji hii ni Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani aliyetia nanga Mombasa mwaka 1844. Mwaka huo huo alimzika mkewe na mtoto wao mchanga ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa. Miaka miwili baadaye, yeye na mmisionari mwenzake Johannes Rebmann walipewa na wazee wa Rabai ruhusa ya kukaa karibu na kaya yao, na wakajenga kituo cha misheni. Kutoka hapo Rebmann aliondoka na mwaka 1848 akauona mlima Kilimanjaro. Hapo pia Krapf alikusanya maneno yaliyokuja kuwa kamusi yake kubwa ya Kiswahili, iliyochapishwa mwaka 1882 baada ya kifo chake. Watu wachache wanaofungua kamusi leo hukumbuka kwamba sehemu ya kazi hiyo ilifanyika kwa hisani ya wazee wa kaya, ambao wangeweza kusema hapana.

Krapf, na baada yake Charles New wa misheni ya Ribe, waliandika kwa chuki kubwa juu ya mwanza. Mwanza ni ngoma ya siri, gogo lililotobolewa na kuwambwa ngozi, ambalo halipigwi kwa mkono bali husuguliwa, likatoa ngurumo kama ya mnyama mkubwa aliyejeruhiwa. Sauti hiyo iliposikika usiku, wanawake na wasiotiwa jandoni katika siri za kaya walitakiwa wajifungie ndani wasione. Wamisionari waliona ulaghai wa wazee kwa wanyonge. Kuna ukweli ndani ya lawama hiyo, kwa sababu mwanza ulitumika pia kuwatisha wanawake na vijana na kuwatoza watu mifugo, na hakuna haja ya kulificha hilo kwa kuwa tu msitu ulinusurika. Lakini wamisionari hawakuona upande wa pili: mwanza ulipolia baada ya mtu kuiba au kukata mti wa kaya, kesi ilikuwa imekwisha kuhukumiwa bila askari hata mmoja.

Kufikia mwisho wa karne ya 19, wengi wa Wagiriama hawakuishi tena Kaya Fungo. Mifugo na mahindi vilitaka ardhi pana, biashara ya pembe na chakula ilikuwa inashamiri, na familia moja baada ya nyingine zilihamia kaskazini kupitia Godoma hadi kuuvuka Mto Sabaki. Kaya ilibaki na wazee wachache na wakeze, na wengine walirudi kwa kesi nzito, matambiko na maombi ya mvua. Mtu angeweza kusema mji ulikuwa umekufa. Mwaka 1913 ulithibitisha vingine.

Mwaka mmoja kabla, serikali ilikuwa imemleta Arthur Champion kuwa afisa wa Wagiriama, na kazi zake zilikuwa mbili: kodi ya vibanda, na vijana wa kwenda kufanya kazi kwenye mashamba. Ndipo alipoinuka Mekatilili wa Menza, mjane wa makamo, akaanza kuzunguka vijijini akicheza kifudu, ngoma ya msibani, na watu wakakusanyika alikopita. Masimulizi yanasema alikwenda kwenye baraza ya Champion na kuku mwenye vifaranga, akamwambia ajaribu kuchukua kifaranga kimoja. Champion akanyoosha mkono, kuku akamdonoa. Mekatilili akawageukia watu: hivyo ndivyo mtakavyofanya wakija kuwachukua wana wenu. Simulizi hiyo inapendwa sana pwani, na inastahili. Ila kilichoiogopesha serikali zaidi kilifanyika kwingine, Kaya Fungo.

Mekatilili, pamoja na mzee Wanje wa Mwadorikola, waliwaita watu warudi kwenye kaya. Huko viliapwa viapo viwili: wanawake waliapa mukushekushe, wanaume wakaapa fisi. Aliyekula kiapo kimojawapo kisha akawafanyia kazi Wazungu, au akawapa taarifa, alijua kwamba kiapo kitamla. Katika muda mfupi machifu walioteuliwa na serikali walijikuta hawana wa kuwatuma. Kesi zilirudi kwa wazee. Mwanamke, ambaye kwa sheria za zamani za kaya alitakiwa ajifungie mwanza ukilia, sasa alikuwa ndiye mwenye kuuamsha msitu. Mabadiliko hayo hayapewi uzito wa kutosha anapotajwa Mekatilili. Kuwapinga Waingereza lilikuwa jambo moja. Kuwafanya wazee wa kaya wamfuate mwanamke lilikuwa jambo jingine, na huenda lilikuwa gumu zaidi.

Oktoba 1913 Mekatilili na Wanje walikamatwa na kupelekwa Kisii, upande wa pili wa nchi, wakae miaka mitano. Mwishoni mwa mwaka huo serikali ikawashurutisha wazee wafanye tambiko la kutengua viapo, kisha kaya ifungwe. Fikiria hapo kidogo: afisa wa dola ya Kiingereza akisimamia tambiko la fisi ili kodi ilipwe. Januari 1914 wafungwa wale wawili walitoroka, wakarudi pwani kwa miguu, na habari za kurudi kwao zikafika kabla yao. Mwezi wa Agosti baruti ikaja Kaya Fungo, na wiki chache baadaye vita kamili vikazuka. Wagiriama wasiopungua 150 waliuawa, nyumba kwa maelfu zikachomwa, mbuzi wakaswagwa, na faini ya rupia 100,000 ikawekwa juu ya watu waliokuwa wamepoteza kila kitu. Waliokuwa ng'ambo ya kaskazini ya Sabaki wakaamriwa wahame.

Baruti ilikata miti. Haikukata kiapo, kwa sababu kiapo hakikuwa ndani ya miti. Machifu hawakupata tena heshima waliyoitafuta, na miaka michache baadaye serikali yenyewe ilikuja kukubali kwamba bila kaya haina wa kuzungumza naye. Mwaka 1919 Mekatilili na Wanje, waliokuwa wamekamatwa tena, waliruhusiwa kurudi, na wakakaa kwenye kaya ile ile iliyolipuliwa. Wagiriama walirejea pia kwenye mashamba ya kaskazini ya Sabaki.

Adui aliyefuata hakuja na baruti. Alikuja na soko.

Wagiriama humsimamishia mzee wa chama cha gohu kigango baada ya kufa: gogo la mti mgumu, refu kuliko mtu, lenye kichwa cha duara au cha pembe nne, na mwili uliochongwa pembetatu ndogo ndogo mstari baada ya mstari, ambazo hupakwa rangi. Kigango si kumbukumbu ya marehemu. Ni makao ya koma yake. Husimamishwa bomani, na boma likihama vigango vya kwanza huachwa mahali pake, kwa sababu kumhamisha marehemu ovyo kunaleta balaa. Kuanzia miaka ya 1970 wauzaji wa sanaa waligundua kwamba magogo hayo yanapata bei nzuri Marekani. Vijana wasio na kazi walilipwa pesa kidogo wang'oe usiku, na vigango kwa mamia vikaishia kwenye nyumba za matajiri na majumba ya makumbusho.

Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja wa Kigiriama akiwa mbele ya vigango viwili vya ndugu zake. Muda si mrefu vikaibwa. Mwaka 1999, katika mkutano wa kitaaluma huko Marekani, Udvardy alikiona kimoja kwenye picha ya mkusanyiko wa makumbusho. Yeye na mtafiti mwenzake Linda Giles walifuatilia wakapata kwamba kimoja kiko Makumbusho ya Jimbo la Illinois na kingine Chuo Kikuu cha Hampton, Virginia. Mwaka 2007 familia ilikabidhiwa vyote viwili. Mzee mwenyewe alikuwa amefariki zamani. Baadaye makumbusho ya Denver nayo ilikubali kurudisha vigango 30, na kufika kwavyo Kenya mwaka 2019 kulikuja baada ya mvutano wa miaka mingi. Bado vingi viko ng'ambo, kila kimoja na jina la mtu ambalo halijaandikwa kwenye kibandiko chake.

Wakati vigango vinaibwa, wataalamu wa mimea walikuwa wanagundua misitu. Katika miaka ya 1980 Ann Robertson na Quentin Luke walitembea kaya moja baada ya nyingine, wakiorodhesha miti na vichaka, na walichokikuta kiliwashangaza hata wenyeji wa fani hiyo. Vipande vidogo vya msitu, vingine vya hekta 10 tu, vilikuwa na mimea ambayo haipatikani popote nje ya pwani hii. Kwenye miamba ya chokaa ya Kilifi humea Saintpaulia rupicola, ndugu wa mwituni wa lile ua la zambarau linalopendwa madirishani Ulaya. Mbambakofi, mti ambao mafundi wa milango ya Waswahili wameutafuta kwa karne nyingi, ulikuwa bado umesimama kwa ukubwa wake ndani ya kaya wakati nje umebaki visiki. Hakuna bwana misitu aliyelinda miti hiyo. Ililindwa na woga wa fingo na deni la mbuzi.

Kwa msingi wa kazi hiyo, kaya zilianza kutangazwa kuwa urithi wa taifa mwaka 1992, na Makumbusho ya Taifa ya Kenya ikaunda kitengo cha kuhifadhi misitu ya pwani. Tangazo lilikuja wakati mbaya. Miaka ile viwanja vya pwani ya kusini vilikuwa dhahabu, na kaya za karibu na fukwe zilimegwa kwa hati za watu binafsi. Kisiwa cha Chale, kaya ya Wadigo, kilijengwa hoteli huku wazee wakilalamika. Jambo hilo linauma hadi leo.

Kilomita chache kaskazini ya Chale, Kaya Kinondo ilichagua njia yake. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wazee wa Kidigo waliamua kuwaruhusu wageni waingie sehemu ya msitu, kwa masharti yao. Mgeni hufungwa kaniki nyeusi kiunoni, mwanamume kwa mwanamke. Huvua kofia. Haruhusiwi kubusiana na mtu humo ndani, kuokota jani wala kuvunja kijiti. Mwongozaji huomba idhini kwanza, ndipo watu huingia mmoja nyuma ya mwingine kwenye kijinjia kilichokatwa juu ya jiwe la tumbawe, mizizi ikiwa imetambaa juu ya mwamba kutafuta nyufa, na mbega wakiwatazama kutoka juu. Bahari ipo umbali wa dakika chache lakini haisikiki. Pesa za kiingilio zinasaidia kijiji. Wazee wengi wa Kinondo ni Waislamu wanaosali msikitini, na hawaoni ugomvi kati ya swala na heshima ya makaburi ya babu zao, ingawa mashehe wengine wanauona.

Mwaka 2008 UNESCO iliingiza misitu ya kaya ya Wamijikenda kwenye Urithi wa Dunia, maeneo yaliyotawanyika kwa takriban kilomita 200 za pwani, Kaya Fungo na Kinondo zikiwemo. Faida ya hadhi za namna hii ilionekana pale ambapo wengi hawakutarajia, na kwenye kaya ambayo haimo katika orodha hiyo ya dunia. Mrima ni kilima cha msitu huko Kwale, msitu wa serikali, kaya ya Wadigo, na urithi wa taifa kwa sheria. Chini yake kuna niobiamu na madini adimu, ambayo kampuni ya Cortec iliyakadiria mwaka 2013 kuwa na thamani ya zaidi ya dola bilioni 60. Mwaka huo huo serikali ilifuta leseni yake. Kampuni ikaipeleka Kenya kwenye usuluhishi wa kimataifa ikidai mabilioni, na Oktoba 2018 jopo likatupilia mbali madai hayo: leseni ilitolewa kinyume cha sheria za Kenya, kwenye eneo linalolindwa, bila idhini zilizotakiwa. Ombi la kubatilisha uamuzi huo nalo lilikataliwa mwaka 2021. Wazee wa Mrima hawakuhitaji jopo kuwaambia kwamba kilima kile hakichimbwi, lakini ni vyema sheria ya dunia imefika pale walipokuwa wao.

Hatari ya sasa inatoka nyumbani, na ni ya aibu. Kwa miaka mingi wazee wa Kilifi wamekuwa wakiuawa kwa tuhuma za uchawi. Mzee mwenye mvi, mwenye kujua dawa na makaburi, anakatwa mapanga usiku, na mara nyingi nyuma ya neno uchawi kuna shamba ambalo mtoto au mpwa anataka kuliuza. Huko Ganze, mahali paitwapo Kaya Godoma pamekuwa kimbilio la wazee waliofukuzwa na watu wa damu yao. Kati ya watu kama hao ndimo hutoka wajumbe wa kambi, yaani baraza la wazee wa kaya, wenye kujua njia za kaya, maneno ya tambiko na mahali pa fingo. Mwaka 2009, mwaka mmoja tu baada ya misitu kutambuliwa, UNESCO iliziweka mila za kaya kwenye orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka.

Uzio wa seng'enge hautasaidia hapo. Kesi za mauaji ya wazee zifuatiliwe hadi mahakamani badala ya kuzikwa na marehemu, migogoro ya mashamba ya familia isikilizwe kabla panga halijanolewa, na machifu wanaopokea tuhuma za uchawi wazichukulie kama tishio la kuua. Kambi nazo zina kazi yao. Nyingi bado zinasubiri kijana azeeke ndipo afundishwe, na wanawake wamebaki pembeni katika kaya ambayo mwaka 1913 iliamshwa na mwanamke. Wazee wa Kinondo walithubutu kubadili masharti ya kuingia bila kuufungua moyo wa msitu. Kaya nyingine zina haki ya kutafuta namna yao, na muda wa kufanya hivyo ni sasa, wakati wenye kujua bado wako hai kufundisha.